Shajara ya mradi: njia ya kurudi kwa kompyuta ya kaseti, Unguja

Kompyuta hii imeungwa kwa kazi moja: kuhamishia kaseti za taarab, kasida na maulidi kwenye faili za sauti. Imewekwa Ng'ambo, mjini Unguja, chumba cha ghorofani ambacho dirisha lake linapokea upepo wa bahari moja kwa moja. Prosesa ni Core i5-12400, ramu GB 32 za DDR4, bodi ya B660, SSD ya NVMe ya TB 1 ya kubeba Windows 11 Pro na programu, na diski ya kuzunguka ya TB 4 ya kubeba sauti. Yanayoandikwa hapa ni yale yanayofanywa kabla kaseti ya kwanza haijaingizwa. Kuna kuirudisha mashine ikianguka, na kuna kuirudisha sauti diski ikifa. Ni kazi mbili mbalimbali, kila moja ina zana zake, na anayezichanganya huishia kuwa na moja tu.

Siku ya 1. Hesabu

Kompyuta ya kiwandani huja na patisheni (kipande cha diski kilichotengwa) ya mtengenezaji: bonyeza kitufe fulani wakati inawaka, nayo hurudi kama ilivyotoka boksini. Kompyuta ya kuunga wenyewe haina kitu hicho. Windows ikisakinishwa huacha patisheni ndogo ya uokoaji, lakini ile ni ya kutengeneza tu. Haina mfumo mzima ndani yake, wala programu zako, wala mipangilio ya kadi ya sauti iliyokuchukua siku nzima.

Kuhusu sauti: tunarekodi kwa kHz 96, biti 24, njia mbili. Hizo ni baiti 576,000 kila sekunde, sawa na GB 2.07 kwa saa. Kaseti ya dakika 90 inatoa GB 3.1. Kaseti 300 zilizo kwenye foleni zitafika kama GB 930.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kupeleka nakala kwenye mtandao. Kwa mwendo wa kupandisha wa megabiti 10 kwa sekunde, na usikatike hata dakika moja, GB 930 zinataka siku 8 na zaidi ya nusu, usiku na mchana. Kazi ya siku moja, kaseti 6, inataka saa 4 na dakika 10. Diski ndani ya mkoba ikipanda boti ya asubuhi kwenda Mkoani, kisha gari hadi Chake Chake, inafika siku ileile ikiwa na kaseti zote 300. Kwa hiyo nakala ya mbali itakaa Pemba na itasafiri kwa boti.

Pemba ina sababu nyingine. Umeme wa Unguja unatoka bara kupitia Ras Kiromoni hadi Fumba. Wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wake wenyewe wa chini ya bahari, uliozinduliwa 2010. Waliokuwepo Unguja mwaka 2008 wanakumbuka karibu mwezi mzima wa giza, na tena kuanzia Disemba 2009 kama miezi mitatu. Visiwa viwili visivyotegemea waya mmoja ni mahali pazuri pa kuweka nakala mbili.

Prosesa tumechukua 12400, si 12400F, ingawa F ni rahisi kidogo. Zenye F hazina sehemu ya picha ndani. Kadi ya picha ikifa, skrini inabaki nyeusi na huwezi hata kuingia BIOS (programu ya bodi inayowaka kabla ya Windows) kuokoa kitu.

Siku ya 2. BIOS, ramu, kisha Windows

Tumeikuta VMD, njia ya Intel ya kusimamia diski, imewashwa kwenye BIOS. Tumeizima kabla ya kusakinisha. Ikiwa imewashwa, fleshi ya Windows haiioni NVMe mpaka uipe draiva ya Intel, na zana nyingi za uokoaji zina shida hiyohiyo. Usiibadilishe baada ya Windows kusakinishwa, kwa sababu itagoma kuwaka na kusema haioni diski ya kubutia.

Hapa pana mtego wa baadaye. Mipangilio ya BIOS inashikwa na betri ndogo ya CR2032. Betri ikifa na umeme ukakatika, bodi inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, VMD inajiwasha tena, na mashine inakataa kuwaka. Fundi ataangalia, ataona diski haitambuliwi, atasema SSD imekufa. Tumepiga picha kila ukurasa wa BIOS tulioubadilisha, tumezichapisha kwenye karatasi mbili, na CR2032 ya akiba imebandikwa ndani ya kava kwa gundi ya karatasi.

Ramu imepimwa kwa MemTest86+ usiku kucha, pasi 4, bila kosa. Secure Boot tumeizima kwa muda ili fleshi iwake, kisha tumeirudisha. Kipimo hiki wengi hukiruka. Ramu mbovu haileti tu skrini ya buluu. Inaweza kuharibu faili kimyakimya wakati inanakiliwa, na ukawa na bakapu tatu za kitu kilichooza.

Kabla ya kusakinisha Windows tumechomoa waya wa SATA wa diski ya TB 4. Zikiwepo diski mbili, kisakinishi kinaweza kuiweka patisheni ya EFI kwenye diski usiyoitaka. Mashine itafanya kazi vizuri miaka miwili, halafu siku unapoitoa diski ya sauti kuibadilisha, Windows haiwaki, kwa sababu mlango wake ulikuwa huko. Diski moja tu iwe imechomekwa mpaka usakinishaji uishe.

Baada ya kuingia, amri ya `manage-bde -status` imeonyesha C: inasimbwa, yaani inafungwa isisomeke bila ufunguo. Tangu toleo la 24H2, Windows 11 iliyosakinishwa upya hujisimba yenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wa tarakimu 48 hukaa kwenye akaunti hiyo, na aliyesahau akaunti amepoteza diski. Mashine hii haitoki chumbani na C: haina siri, kwa hiyo tumezima: `manage-bde -off C:`, tukasubiri ifike asilimia 0. Kitakachosimbwa ni diski zinazopanda boti.

Siku ya 3. Fleshi

Zimenunuliwa fleshi 4 za GB 64 kutoka duka moja. Tatu nzuri, moja ya uongo. Inajitangaza GB 64, ndani ina kama 8. Ukinakili faili kubwa haisemi kosa lolote. Ikifika mwisho wa nafasi ya kweli inaandika juu ya ilichokwisha kuandika. Utaligundua hilo siku unapoihitaji.

Kipimo chake ni H2testw kwenye Windows, au f3write na f3read kwenye Linux: hujaza fleshi nzima kwa data inayojulikana, kisha huisoma yote na kulinganisha. Fleshi ya GB 64 inachukua muda, nyingine saa nzima na zaidi. Kusoma ukubwa kwenye skrini si kipimo.

Fleshi ya kwanza ni ya Windows, imetengenezwa kwa zana ya Microsoft yenyewe, ambayo inataka angalau GB 8. Aliyejaribu kunakili kwa mkono kutoka faili ya ISO kwenda fleshi ya FAT32 atakwama, kwa sababu faili ya install.wim huwa inapita GB 4, na FAT32 haibebi faili kubwa kuliko hapo. Ndani yake tumeongeza folda ya draiva: ya mtandao, ya chipseti, ya kadi ya sauti. Windows 11 inadai intaneti wakati wa kusakinisha, na kama haina draiva ya mtandao wa bodi hii, unakaa pale unaitazama.

Fleshi ya pili ni Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima. Ya tatu ina MemTest86+. Zote zina lebo ya karatasi iliyofunikwa kwa gundi ya plastiki, kwani wino wa kalamu ya kawaida kwenye plastiki hufutika kwa jasho la mkono.

Siku ya 4. Patisheni ya uokoaji

`reagentc /info` imesema uokoaji umewashwa, lakini patisheni yake ni ndogo. Hili si jambo la kupuuza. Januari 2024 sasisho la Windows 10 lenye namba KB5034441 liligoma kwa watu wengi likitoa kosa 0x80070643, sababu yake ni kwamba patisheni hiyo ilitaka nafasi tupu ya MB 250 na haikuwa nayo. Tumeikuza sasa hivi, mapema, diski ikiwa bado tupu.

Kwanza `reagentc /disable`. Amri hii inairudisha faili ya winre.wim kwenye C:\Windows\System32\Recovery. Nenda ukaitazame kwa macho (imefichwa, onyesha faili zilizofichwa) kabla ya kufuta chochote. Isipokuwepo, ukifuta patisheni umefuta uokoaji wenyewe, na itabidi uichomoe upya kutoka kwenye install.wim au install.esd ya fleshi.

Kisha ndani ya diskpart, zana ya Windows ya kugawa diski: `select disk 0`, chagua patisheni ya Windows, `shrink desired=1000 minimum=1000`. Chagua patisheni ya uokoaji, `delete partition override`. Halafu:

`create partition primary id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac`
`gpt attributes=0x8000000000000001`
`format quick fs=ntfs label="Windows RE tools"`

Toka, andika `reagentc /enable`, na hakikisha kwa `/info`. Ile namba ndefu ndiyo inayoiambia Windows kwamba hii ni patisheni ya uokoaji. Herufi moja ikikosewa, Windows haitaitambua kuwa ni ya uokoaji. Nakili na ubandike, usiandike kwa kidole.

Namba ya diski iangaliwe mara mbili kwa `list disk`. Diski ya sauti bado tumeiacha imechomolewa kwa sababu hiyo.

Siku ya 6. Umeme

UPS ni ya VA 1000, wati 600, yenye kurekebisha volti. Mashine na skrini wakati wa kurekodi zinakula wati 74 kwa mita ya plagi. Tumechomoa UPS ukutani makusudi: betri imeshuka hadi asilimia 30 kwa dakika 26. Zinatosha kumaliza upande mmoja wa kaseti fupi na kuzima. UPS hapa ni ya kuzima kwa heshima. Anayetaka kufanya kazi gizani anunue kitu kingine. Na mita ya Tukuza (ya umeme wa kulipia kabla) ikiisha uniti katikati ya kurekodi, kwa kompyuta ni sawasawa na umeme kukatika, kwa hiyo uniti ziangaliwe asubuhi.

Betri ya risasi haipendi joto. Maisha yake hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. UPS imetolewa kwenye pembe ya jua la alasiri ikawekwa chini ya meza, sentimita 15 kutoka ukutani.

Sasa pana mambo mawili yanayogongana. Windows huiona UPS hii kupitia USB kama betri ya kompyuta mpakato, na betri ikifika kiwango cha hatari hulala usingizi mzito, yaani huandika ramu yote kwenye diski na kuzima. Kwa upande mwingine, usingizi huo pamoja na kuwaka haraka huiacha NTFS (mpangilio wa faili wa Windows) katika hali ambayo Clonezilla inaikataa, ikisema haikufungwa vizuri. Tumeamua: `powercfg /h off`, usingizi umezimwa kabisa, kisha kwenye mpango wa umeme hatua ya hatari imewekwa kuwa kuzima. Atakayefanya la kwanza akasahau la pili, UPS yake itaisha betri na mashine itaanguka kama haikuwa na UPS.

Siku ya 7. Nakala ya diski nzima

Windows, draiva, programu ya kurekodi, mipangilio yote: GB 58 zimetumika. Clonezilla, kutoka fleshi, imeziweka kwenye diski ya nje kwa ukubwa wa GB 31, dakika 9, pamoja na kukubali nakala ikaguliwe baada ya kuandikwa. Clonezilla inanakili sehemu zilizotumika tu. Kama C: ingekuwa bado imesimbwa, isingeweza kuona kilichotumika na kisichotumika, ingebeba TB nzima. Hiyo ni faida nyingine ya kazi ya siku ya 2.

Siku ya 9. Jaribio la kwanza limeshindwa

NVMe ya akiba imechukuliwa, ya zamani imetolewa, tukairudishia nakala. Clonezilla imekataa: diski lengwa ni ndogo kuliko ya asili.

Zote mbili zimeandikwa TB 1. Ya asili ina baiti 1,024,209,543,168. Ya akiba ina 1,000,204,886,016. Tofauti ni GB 24. Watengenezaji wengine huita GB 1000 "TB 1", wengine 1024, na Clonezilla kwa kawaida haikubali kushuka.

Njia za kulazimisha zipo, lakini utaratibu wa uokoaji unaohitaji ujanja haufai kuachiwa mtu mwingine aufanye usiku wa manane. Tumegeuza: ile ya GB 1000 ndiyo imewekwa ndani ya mashine, Windows ikasakinishwa upya, na ya GB 1024 ndiyo imekuwa akiba. Diski ndogo ifanye kazi, kubwa isubiri. Imegharimu siku mbili. Kwenye karatasi ya mashine imeandikwa idadi kamili ya baiti, ili anayenunua nyingine asiangalie boksi tu.

Siku ya 12. Jaribio la pili

Nakala mpya, diski ya akiba. Dakika 11 na Windows imewaka, kadi ya sauti imetambulika, programu imefunguka ikiwa na mipangilio yake. Leseni ya Windows haikulalamika. Imefungwa na bodi, si diski. Bodi ikibadilishwa ndipo itauliza.

Diski ya asili ilikuwa nje ya mashine muda wote huo, na lazima iwe hivyo. Diski mbili zenye utambulisho mmoja zikichomekwa pamoja, Windows huizima moja isitumike, na huwezi kujua itakuwa ipi. Pia mkono ukiteleza, ya asili ingali salama mezani.

Kwa kuwa diski ya akiba ni ya kujaribia, tumeivunja makusudi: patisheni ya EFI imefutwa kwa kuiformati. Mashine imekataa kuwaka, kama ilivyotarajiwa. Kuijenga tena: waka kutoka fleshi ya Windows, kwenye skrini ya kwanza bonyeza Shift na F10, ingia diskpart, `list volume`, chagua ile ya FAT32 ya MB 100, `assign letter=S`, toka, kisha:

`bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`

Angalizo: ukiwa ndani ya fleshi, herufi hazilingani na unazozijua. Windows yako inaweza kuwa D: au E:. Andika `dir C:\`, `dir D:\` mpaka uone folda ya Windows, ndipo utumie herufi hiyo. Imerudi kwa dakika 4.

Diski ya akiba imefutwa, imewekewa nakala tena, imerudi kwenye boksi. Itachomekwa kwenye umeme kila baada ya miezi 4. SSD hushika data kwa chaji ya umeme. Kiwango cha JEDEC kwa SSD za kawaida zilizokwisha maisha yake ya kuandikwa ni mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30, na joto likizidi muda hupungua. Ya kwetu ni mpya, ina nafasi kubwa kuliko hiyo, lakini kabati la Unguja si jokofu.

Siku ya 13. Sauti

Diski ya TB 4 sasa imechomekwa, ni E:. Kila kaseti ikimaliza kurekodiwa, faili yake inachukuliwa alama ya SHA-256 kwa `Get-FileHash` na kuandikwa kwenye orodha moja ya maandishi. Biti moja ikigeuka miaka 5 ijayo, alama haitalingana.

Robocopy, amri ya Windows ya kunakili, pamoja na `/MIR` tumeikataa. Inafanya lengwa lifanane na chanzo, kwa uaminifu wa kutisha: siku folda ya chanzo ikiwa tupu, kwa sababu diski mpya imewekwa na herufi ileile, itafuta bakapu yako yote iwe tupu vilevile, na itaripoti kwamba imefaulu.

Tumechukua restic, programu ya bakapu. Ni faili moja, haisakinishwi, inasimba kila kitu, na haiandiki mara mbili kilichokwisha kuandikwa.

`restic -r U:\hifadhi init`
`restic -r U:\hifadhi backup E:\kanda --use-fs-snapshot`

Hiyo `--use-fs-snapshot` inataka haki za msimamizi, na ndiyo inayowezesha kunakili hata faili iliyofunguliwa na programu nyingine. Hatutumii `forget` kwenye hifadhi ya sauti. Faili za WAV hazibadiliki, kwa hiyo kutunza matoleo ya zamani hakuli nafasi, na amri ambayo haipo haiwezi kukosewa.

Kazi imepangwa ijiendeshe saa 11 jioni. Ubaya wa kazi zinazojiendesha ni kushindwa kimya. Hati yetu inasoma jibu la restic: 0 ni salama, 3 ni kwamba kuna faili hazikusomeka, 1 ni kwamba imeshindwa kabisa. Isipokuwa 0, dirisha jekundu linafunguka katikati ya skrini na halifungiki mpaka mtu aandike sababu. Limetokea siku ya kwanza tu: diski haikuchomekwa.

Diski ya bakapu haiachwi imechomekwa usiku. Kirusi kinachofunga faili na kudai pesa hufunga chochote kinachoonekana wakati huo.

Siku ya 14. Diski mbili hazitoshi

Mpango ulikuwa diski mbili za nje za TB 2, Kaskazi na Kusi, moja Unguja na moja Pemba, zikipishana kila mwezi. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini ifuate safari: ukileta ya Pemba kwanza, nakala zote ziko Unguja chumba kimoja. Ukipeleka ya Unguja kwanza, zote ziko Pemba na Unguja imebaki na E: peke yake. Vyovyote vile, kuna siku mbili tatu kila mwezi ambapo moto mmoja au mwizi mmoja anatosha.

Imenunuliwa ya tatu, Matlai. Moja inakaa Unguja, moja inakaa Pemba, moja iko njiani au inasubiri zamu. Inayokwenda inatangulia, inayorudi haiondoki Pemba mpaka iliyokwenda isomwe huko na ikubali.

Zote ni za kuzunguka, si SSD, kwa kuwa zitakaa muda mrefu bila umeme. Ubaya wake ni mshtuko. Inapanda boti ndani ya sponji, ndani ya kisanduku cha plastiki kinachofungwa kwa mpira, kwenye mkoba wa mkononi. Haipewi wapagazi na haiwekwi na mizigo. Ndani ya kisanduku mna vifuko viwili vya silika. Mchele haufai, unga wake unaingia kwenye matundu ya USB. Na diski iliyotoka chumba chenye kiyoyozi isichomekwe papo hapo ikifika penye fukuto. Iachwe ndani ya kisanduku kilichofungwa saa 2 izoee joto, la sivyo mvuke unaganda juu ya bodi yake.

Neno la siri la hifadhi ni maneno sita, limeandikwa kwenye karatasi mbili: moja Unguja, moja Pemba, wala si ndani ya kisanduku cha diski. Restic haina mlango wa nyuma. Neno likipotea, sauti imepotea.

Siku ya 21. Kaskazi imefika Chake Chake

Imebeba kaseti 34, GB 106. Kule hakuna restic kwenye kompyuta yoyote, na tuliacha makusudi isiwepo: restic.exe iko kwenye diski yenyewe, pamoja na ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili.

Mapokezi yamekwama dakika ya kwanza. Maelekezo yalisema P:\hifadhi, na kompyuta mpakato ya kule imeipa diski herufi F:. Restic ikajibu kwamba hakuna hifadhi mahali hapo, na aliyepokea akadhani diski imeharibika njiani. Ukurasa umeandikwa upya: fungua diski, tazama herufi iliyotokea juu, itumie hiyo kila penye P. Ukurasa huo ulikuwa umesomwa na watu watatu Unguja, wote wakiwa mbele ya mashine ambayo huipa diski inayokwenda Pemba herufi P.

Baada ya hapo:

`restic -r F:\hifadhi check --read-data-subset=1/4`

Imesoma robo ya data, hakuna kosa. Safari yake ijayo 2/4, na kuendelea, ili mzunguko wa safari zake nne uisome yote. Kisha kaseti 5 zimechaguliwa bila mpango, zimerejeshwa kwenye kompyuta ya kule, na alama zake za SHA-256 zimesomwa kwa simu, tarakimu 8 za mwanzo na 8 za mwisho. Zote zimelingana. Kusi imeruhusiwa kupanda boti kurudi.

Yaliyobaki: kikinga radi kwa waya wa mtandao unaotoka nje, kabla ya masika, UPS inalinda njia ya umeme tu, na radi hupenda kupita kwenye waya mwingine. `reagentc /info` iangaliwe baada ya kila sasisho kubwa la Windows, maana sasisho huweza kuuacha uokoaji umezimwa bila kusema. Na zamu ya Matlai isogezwe wiki moja mbele, kwa sababu tarehe iliyopangwa inaangukia siku za kuelekea Idi, na boti za Pemba wakati huo hazina nafasi ya kukaa na kisanduku mapajani.